Kumuingiza mtoto kwenye utafiti wa dawa: mambo ya kufanya kuanzia siku unayoambiwa mpaka siku unayopewa majibu

Binti yangu ana selimundu, na alipokuwa na miaka 9 dokta wake wa kliniki alituambia kuna utafiti wa dawa mpya unatafuta watoto wa umri wake. Hata hajamaliza kuongea nikamuuliza nisaini wapi. Nilishanyoosha mkono kuchukua kalamu pale mezani, maana wiki mbili kabla tulikuwa tumetoka kulazwa na maumivu ya mifupa yaliyomliza mtoto usiku kucha mpaka sauti ikakauka, na mzazi ukishaona hivo, ukisikia "dawa mpya" husikii kitu kingine. Nesi aliyekuwa pembeni ndo akaivuta ile fomu taratibu, akaikunja, akanipa mkononi akasema, "Mama, hii nenda nayo nyumbani kwanza. Isome, ukirudi mimi ndo ntakuuliza maswali."

Namshukuru yule dada mpaka leo, kwa sababu nilichokuwa nimeelewa siku ile na kilichoandikwa kwenye fomu vilikuwa vitu viwili tofauti. Tulikaa kwenye utafiti ule zaidi ya mwaka, umeisha na majibu tumepewa. Kwahiyo naandika hatua zote hapa kwa mzazi ambaye sa hivi ana fomu mkononi na hajui aanzie wapi. Iwe ni selimundu, kansa, kifafa, kisukari au chanjo, mengi yanafanana.

HATUA YA 1: Elewa kwanza unaombwa nini

Hapa ntakaa kidogo maana ndo nilipopotea mimi.

Kwenye matibabu ya kawaida dokta anamwangalia mtoto wako, anachagua dawa anayoona inamfaa yeye, ikigoma anabadilisha. Utafiti haupo hivo. Utafiti upo kwa ajili ya kujibu swali, mfano je hii dawa inapunguza maumivu kuliko tulichonacho sasa, na je ni salama kwa watoto. Mtoto wako anaweza kufaidika, anaweza asifaidike, anaweza kupata madhara, na hakuna mtu mkweli atakayekuahidi lolote kati ya hayo. Akitokea mtu wa utafiti anakuahidi mtoto atapona, chukua mtoto wako ondoka.

Mi nilidhani akiingia atapewa dawa mpya, basi. Fomu ilisema watoto watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, yaani kompyuta ndo inachagua, sio dokta wala mzazi. Kundi moja linapata dawa mpya na kundi la pili linapata plasebo, kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na ukubwa ila ndani hakina dawa. Na wewe hujui mtoto yupo kundi gani, nesi hajui, dokta anayemwona hajui. Wanafanya hivo makusudi, maana tukijua tutaanza kuona nafuu ambayo haipo, na dokta naye ni binadamu.

Niliposoma hapo nilishusha ile karatasi nikakaa kimya muda mrefu. Niliporudi kliniki swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo, kama dawa mnaiamini kwanini msiwape watoto wote? Dokta hakukasirika. Akaniambia, tungekuwa na uhakika kwamba inasaidia tungewapa wote na utafiti usingekuwepo. Alafu akanipa mfano wa utafiti mmoja uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, unaitwa FEAST, uliwachukua watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali na damu haizunguki vizuri mwilini. Kundi moja waliongezewa maji mengi ya dripu kwa haraka, lingine hawakupewa yale ya haraka. Vitabu vilisema ya haraka ndo yanaokoa maisha. Majibu yalivyotoka 2011 ikaonekana ndani ya masaa 48 waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10 na nusu kwa kila 100, na ambao hawakupewa walikuwa kama 7 kwa kila 100. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Yaani wale ambao mzazi yeyote angelia kwamba mwanangu kanyimwa, ndo waliokuwa salama zaidi.

Mfano ule ulinifungua macho kuliko fomu nzima. Tangu siku ile sikuwahi tena kufikiria kundi la plasebo kama kundi la waliokosa.

Uliza pia utafiti uko awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza wanatafuta zaidi usalama na kipimo, kwa watu wachache, mara nyingi hawafiki 100. Ya pili wanaanza kuona kama dawa inafanya kazi, watu wanaongezeka. Ya tatu inalinganisha na matibabu yaliyopo, inaweza kuwa na mamia mpaka maelfu. Ya nne dawa ishasajiliwa, wanaifuatilia tu. Mtoto kuingia awamu ya kwanza na mtoto kuingia ya tatu ni maamuzi mawili tofauti, usikubali kuambiwa "ni utafiti tu".

Na kama unajiuliza kwanini wawasumbue watoto, si wapime kwa watu wazima alafu wagawe kipimo kwa nusu? Mwili wa mtoto sio mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Miaka ya 1950 watoto wachanga walipewa antibiotiki inaitwa chloramphenicol, maini yao yalikuwa bado hayawezi kuivunja, ikajaa mwilini, wakawa wanageuka rangi ya kijivu na wengine wakafariki. Upande mwingine kuna hii haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu ya selimundu, ambayo wazazi wa watoto wa selimundu tunaijua vizuri. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, kwa watoto ikaidhinishwa rasmi 2017. Miaka 19 hiyo. Madokta waliowapa watoto kabla ya hapo walikuwa wanatumia akili zao na tafiti zilizokuwepo. Kwahiyo bila watoto kwenye tafiti, watoto wetu wanasubiri, au wanapewa dawa kwa kukisia.

HATUA YA 2: Fomu isome nyumbani, na usiisome kwa mpangilio wake

Yetu ilikuwa na kurasa zaidi ya 20. Ukianza ukurasa wa kwanza utachoka ukifika wa sita, na mambo ya muhimu yako mbele huko. Mi nilichukua kalamu mbili, nyekundu kwa kila nisichokielewa na bluu kwa kila kitu ambacho mtoto atafanyiwa mwilini, yaani kuchomwa sindano, kupimwa, kumeza, kulala hospitali. Nikimaliza nikahesabu za bluu peke yake. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na ndo zilizonionyesha utafiti utakavyokuwa kwake, sio kwangu.

Anza na sehemu ya hatari na madhara. Kisha nenda kwenye "mbadala", pale wanapoeleza mtoto atapata nini kama hataingia. Kisha ulizia nani anagharamia akiumia kwa sababu ya utafiti, kisha habari za kujitoa, kisha sampuli za damu zitatunzwa wapi na kwa muda gani. Mwanzo kule unakoelezwa umuhimu wa utafiti soma mwisho.

Fomu lazima iwe kwa lugha unayoielewa vizuri. Kama kuna neno hulielewi sio kosa lako, ni kosa la aliyeandika, wapigie wakueleze. Kama husomi vizuri, una haki ya kusomewa mbele ya shahidi ambaye sio mtu wa utafiti.

HATUA YA 3: Hakikisha utafiti wenyewe ni halali

Hii haichukui muda. Kwenye fomu lazima kuwe na jina la kamati ya maadili iliyopitisha utafiti na namba yao ya simu, na huo ni mlango wako wa kulalamikia ambao haupiti kwa watafiti. Wapigie, waulize kama wanautambua. Tafuta pia namba ya usajili. Tafiti nyingi zinasajiliwa kwenye ClinicalTrials.gov, namba inaanza na herufi NCT ikifuatiwa na tarakimu 8, na nyingi za Afrika zipo kwenye PACTR, daftari la mtandaoni la tafiti za Afrika. Ukiiandika namba pale unaona utafiti unahusu nini, nani anaufadhili, unatafuta watu wangapi.

Mtu akikutaka ulipe hela ili mtoto aingie kwenye utafiti wa dawa mpya, simama hapo hapo na uende na hilo jambo kamati ya maadili. Utaratibu wa kawaida ni kwamba dawa ya utafiti na vipimo vya utafiti hulipii, na mara nyingi nauli wanakurudishia.

HATUA YA 4: Andika maswali, nenda nayo, na jibu uliandike

Nilienda na daftari. Nilikuwa naona aibu kidogo kutoa daftari mbele ya dokta ila nililitoa, na nilivyoona anaongea taratibu zaidi kwa sababu naandika nikajua nimefanya vizuri.

Swali kubwa kuliko yote kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa ni hili: dawa anazotumia sasa ataendelea nazo? Kwa wetu jibu lilikuwa ndiyo, watoto wote wa makundi yote mawili waliendelea na haidroksiyurea yao na kliniki kama kawaida, ile dawa mpya au plasebo vinaongezwa juu yake. Bila jibu hilo nisingesaini. Kama kuna matibabu yanayojulikana yanasaidia na utafiti unataka mtoto ayaache apewe plasebo tupu, uliza kwanini, kwa muda gani, na nani atakuwa anamwangalia kila siku katika muda huo. Usitoke mpaka umepata jibu ambalo unaweza kumweleza mtu mwingine nyumbani.

La pili ni damu. Hili kwetu lilikuwa kubwa maana mtoto wa selimundu damu yenyewe ni ya shida. Niliuliza mtatoa mililita ngapi kila mara na jumla ngapi mpaka mwisho. Ukitaka kipimo cha kulinganishia, miongozo ya Ulaya inashauri damu ya utafiti isizidi asilimia 1 ya damu yote ya mtoto kwa mara moja na asilimia 3 ndani ya wiki 4. Mtoto ana kama mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwahiyo wa kilo 20 ana kama 1,600 hivi, na asilimia 1 yake ni mililita 16, kama vijiko vitatu vya chai. Mtoto mwenye upungufu wa damu anatakiwa kuangaliwa kwa makini zaidi ya hapo. Uliza pia kama damu ya utafiti inaweza kutolewa kwa sindano ile ile ya kliniki ili asichomwe mara mbili siku moja. Kwetu walikuwa hawajalifikiria, nilivyouliza wakapanga ratiba upya, na nasikia waliwapangia hivo na watoto wengine.

Mengine niliyouliza, nayaandika haraka haraka: nikipiga simu usiku nani anapokea, je ni mtu anayejua utafiti au ni mlinzi. Shule itamkosa siku ngapi. Ikigundulika jambo jipya kuhusu dawa katikati ya utafiti tutaambiwa? (Wanapaswa, na wanaweza kukuletea fomu mpya usaini upya, usishtuke.) Kuna kamati huru inayoangalia data katikati ya safari na yenye nguvu ya kushauri utafiti usimamishwe? FEAST ulisimama kwa njia hiyo. Damu itakayobaki mtaifanyia nini, itasafirishwa nje, itapimwa vinasaba? Mara nyingi hilo la sampuli za baadae lina kisanduku chake cha ndiyo au hapana, unaweza kukataa hilo na bado mtoto akabaki kwenye utafiti.

Na swali ambalo wazazi wengi tunalisahau kwa sababu mawazo yote yako mwanzoni: utafiti ukiisha na dawa ikawa inamsaidia, ataendelea kuipata? Wengine wana mpango wa kuendelea, wengine hawana. Kujua mapema kunauma kidogo, kugundua siku ya mwisho kunauma sana.

HATUA YA 5: Kaeni kama familia

Baba yake alikuwa anakataa. Alisema neno moja tu, "hawatamfanyia majaribio mwanangu," na mi badala ya kumsikiliza nikawa nabishana naye usiku, nikimuona kama anataka mtoto aendelee kuumwa. Tulipoteza wiki nzima hivo. Kilichosaidia ni kwenda naye kliniki akae mwenyewe na mtafiti bila mimi kumsemea. Maswali yake yalikuwa bora kuliko yangu. Yeye ndo aliyeuliza habari ya bima ya utafiti na fidia, mi wala halikunijia.

Hofu ya neno "majaribio" haikutoka hewani. Watu waliumizwa kwa jina la utafiti huko nyuma, ndo maana ikawepo Kanuni ya Nuremberg 1947 na Azimio la Helsinki 1964 linalosema ustawi wa mtu unatangulia maslahi ya sayansi. Kwahiyo mtu wa familia akiogopa usimbeze, mpe fomu asome. Zipo pia tafiti zinazodai wazazi wote wawili wasaini, hasa kama hatari imeongezeka na mtoto mwenyewe hana faida ya moja kwa moja, kwahiyo hilo uliza mapema.

Kusaini sio wajibu wako kwa dokta. Hata kama ndo dokta aliyemhudumia mtoto tangu anazaliwa. Ukikataa, matibabu yake ya kawaida yanabaki vile vile, na hilo linapaswa kuandikwa kwenye fomu.

HATUA YA 6: Muulize mtoto

Mzazi anatoa ridhaa, mtoto anatoa ukubali wake. Sehemu nyingi kuanzia miaka 7 hivi mtoto anaelezwa kwa lugha yake na anaulizwa, mara nyingine ana kikaratasi chake kifupi chenye picha. Usikifanye kama cha kutimiza utaratibu.

Mi nilimweleza binti yangu tukiwa tumekaa kitandani kwake, taa imezimwa, maana yeye gizani ndo anaongea. Nikamwambia kuna kidonge wanataka kujua kama kinasaidia, wewe unaweza kupata chenye dawa au kisicho na dawa, hakuna atakayejua, na utatolewa damu mara nyingi zaidi ya sasa. Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Nikisema sitaki, dokta atakasirika?" Nikamwambia hapana. "Na wewe?"

Nilichelewa kujibu, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nataka sana aseme ndiyo. Nikamwambia mama hatakasirika, na nikamuahidi akisema hapana hakuna mtu atakayemuuliza mara ya pili. Alichukua siku tatu. Siku ya tatu asubuhi anafunga kamba za viatu akasema, "Nimekubali, ila kidole sitaki, watoe mkononi." Tukalipeleka hivo hivo kliniki na wakaliandika kwenye faili lake.

Usimuahidi atapona. Usimwambie haumi. Mwambie ukweli wa kiasi chake, na mwambie anaweza kubadilisha mawazo.

HATUA YA 7: Uchunguzi wa kuingia

Kusaini sio kuingia. Baada ya kusaini wanapima kama mtoto anafaa, na vigezo vyao ni vigumu kwa sababu za usalama. Sisi mara ya kwanza tulirudishwa kwa sababu alikuwa ameongezewa damu miezi ya karibuni, na kwa utafiti ule ilitakiwa muda fulani upite. Mtoto alilia kwenye gari, akajiona kakataliwa. Kwahiyo mwandae kabla, mwambie wakituambia bado, maana yake ni bado, sio kwamba amefanya kosa. Mara ya pili tukapita.

HATUA YA 8: Siku za kawaida za utafiti

Omba krimu ya ganzi. Inapakwa sehemu itakayochomwa, inafunikwa na plastiki, na inahitaji kama saa moja ndo ifanye kazi, kwahiyo ukiisubiri mpaka mfike chumba cha damu umechelewa. Mi walinifundisha nikawa nampaka kabla ya kutoka nyumbani, sehemu mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, ili wakikosa mshipa mmoja wasianze upya.

Beba kitu cha kufanya. Kukaa pale ni kurefu, kuna vipimo vya kurudia kila baada ya masaa.

Dayari. Watakupa daftari au programu ya simu ya kujaza kila siku, amemeza saa ngapi, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, homa, shule. Hapa nikiri nilikosea. Kulikuwa na wiki mdogo wake aliumwa, sikujaza siku nne, na usiku wa kuamkia kliniki nikakaa nikajaza zote kwa kukisia, zote "amemeza, maumivu 0". Mratibu wa utafiti alihesabu vidonge vilivyorudi, vikazidi viwili. Hakunifokea. Aliniambia, "Mama, siku uliyoiacha wazi naweza kuifanyia kazi. Siku uliyoibuni inanidanganya, na inawadanganya watakaopewa hii dawa baadae." Niliumia kweli. Tangu hapo kama sikujaza niliacha wazi, kama alikosa dozi niliandika kakosa. Na chupa tupu usitupe, rudisha zote, na vilivyobaki rudisha vyote.

Waambie kila kitu kingine anachomeza, hata dawa ya kikohozi, hata dawa ya mitishamba aliyopewa na bibi. Wengi tunaficha hiyo ya mitishamba kwa kuogopa kuonekana vibaya, na hiyo ndo inaweza kugongana na dawa ya utafiti ikamuumiza mtoto.

HATUA YA 9: Akiumwa

Utapewa kadi yenye jina la utafiti na namba ya simu ya masaa 24. Piga picha, moja iwe kwenye simu yako, moja ya baba, kadi yenyewe kwenye begi la shule, na mwalimu ajue.

Kwetu alipata homa usiku, na homa kwa mtoto wa selimundu haisubiri asubuhi, tukakimbilia hospitali ya karibu. Nikatoa kadi, mtu wa zamu akaitupia jicho akaiweka pembeni, akasema mambo ya utafiti mtawaeleza wenyewe kesho. Nilipiga mimi ile namba pale pale nikampa simu aongee na dokta wa utafiti, na ndani ya dakika chache antibiotiki na vipimo vikapangwa vizuri. Kwahiyo usitegemee kadi iongee, piga simu wewe. Na ujue kama ni dharura kweli ambayo matibabu yake yanategemea kujua mtoto anatumia nini, kuna utaratibu wa kufungua siri ya kundi lake saa yoyote. Usiogope kuliuliza hilo.

Kila kinachompata kiripoti hata kama unaona hakihusiani. Kuamua kama kinahusiana ni kazi yao.

HATUA YA 10: Ukitaka kutoka

Unaweza kutoka muda wowote bila kutoa sababu. Ila usipotee tu, usizime simu. Dawa nyingine haziachwi ghafla, zinapunguzwa, na mtoto anahitaji kupimwa mara ya mwisho kwa usalama wake. Unaweza pia kuuliza kama inawezekana kuacha kidonge lakini aendelee kufuatiliwa. Data iliyokwisha kukusanywa mara nyingi inabaki, sampuli unaweza kuomba ziharibiwe kama bado hazijatumika, inategemea ulichosaini.

Mtoto akisema amechoka, msikilize siku hiyo hiyo. Wetu alisema mwezi wa saba. Tulikaa naye, ikawa kilichomchosha ni kukosa kipindi cha michezo kila siku ya kliniki, wakahamisha siku, akaendelea. Angeendelea kusema hapana tungetoka.

HATUA YA 11: Majibu

Waambie mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba unataka kujua majibu ya utafiti na mtoto wako alikuwa kundi gani. Yanachelewa, maana wanasubiri mtoto wa mwisho amalize na data ifungwe. Na weka faili lako nyumbani, nakala ya fomu uliyosaini, kadi, majibu ya damu, kwa sababu dokta atakayemwona miaka ijayo atahitaji kujua, na akifika umri wa mtu mzima kama utafiti au sampuli zake bado zipo ataombwa ridhaa yake mwenyewe.

Nenda naye mtoto siku hiyo. Sisi tulienda wote watatu. Nesi yule yule aliyenikunjia fomu ndo aliyefungua bahasha, akasoma, akatuambia alikuwa kwenye plasebo. Binti yangu alimwangalia akasema, "Kwahiyo vidonge vyangu vyote vile havikuwa na kitu?" Nesi akasogeza kiti akamwambia vidonge havikuwa na kitu, lakini bila siku zako zile wasingekuwa na cha kulinganisha, wasingejua ile dawa inafanya nini kwa wenzako. Akamwonyesha kwenye mchoro mstari wa kundi lake. Mtoto akaweka kidole kwenye mstari akaufuata mpaka mwisho, akauliza yeye yuko sehemu gani hapo. Nesi akamwambia upo humo ndani na wengine wote, hatuwezi kukutenganisha. Akaomba apewe ile karatasi ya mchoro, wakampa, akaikunja mara mbili akaiweka kwenye begi lake la shule.